Pumzi ya Gambo

Sogeeni, wanangu. Lawali, kaa hapo nikuone. Rakiya, niinulie mto kidogo, kifua kinabana nikilala chali. Nitasema mara moja na mtu asinikatize, kwa sababu mkinikatiza nitapata kisingizio cha kunyamaza, na neno lenyewe linanichoma uso hata kabla halijatoka.

Mali yangu haina ugomvi. Shamba la mtama la upande wa kisima ni lenu wote wawili. Mkishindwana kulima pamoja, mwiteni imamu awagawie, msigawane kwa ngumi. Mbuzi ni wa Rakiya, aliyewachunga nilipokuwa nikizunguka na mazumari yangu kwenye mieleka ya watu. Lililobaki ni Gambo.

Mnajua hatujasalimiana tangu mkiwa wadogo, ila sababu hamkuambiwa, maana inatia aibu. Sote wawili tulikuwa mafundi wa mazumari ya bua, yeye akiwapigia wanamieleka wa mtaa wa chini, mimi wa mtaa wetu wa juu. Siku moja mama yenu, Mungu amrehemu, alisema kisimani, "La Gambo linalia, la mume wangu linapiga kelele." Alikuwa anatania. Wanawake wakacheka, maneno yakanifikia, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikasusa chakula chake. Gambo sikumpa mkono tena, hata alipokuja kumzika huyo huyo mama yenu.

Sasa sikilizeni yaliyonipata mavuno haya. Rakiya alinionya, "Baba, kwa kifua hicho, mwaka huu pumzika." Nikamjibu, "Lawali hataingia uwanjani kwa zumari la mtu mwingine." Nikaenda shambani mwenyewe, nikachagua bua lililokauka ngozi lakini bado lina uzito, nikalikata kati ya vifundo, nikachokonoa nyama ya ndani kwa kijiti, nikainua ulimi mwembamba kwenye ngozi yake bila kuutenga na bua, nikaufunga uzi ili usifunguke kupita kiasi, kisha nikachomeka kibuyu kidogo mwishoni. Sijawahi kutengeneza zuri kuliko lile. Kwa hiyo siwezi kulisingizia bua.

Zumari letu mnalijua, linalia ukipuliza na linalia ukivuta, halikupi nafasi ya kupumua pembeni. Siku ya mieleka nilipuliza uwanjani, ukatoka upepo mtupu. Nikavuta, kikohozi kikanikaba, mate yenye damu yakaulowesha ulimi wa zumari ukalala. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee, unapoza uji?" Mwingine akadakia, "Mleteeni kijiko!" Watu wakaangua kicheko. Nikakutazama wewe, Lawali, umesimama na mafuta yako mwilini ukisubiri kuitwa, nawe ukainamia mchanga. Sikulaumu, mwanangu. Ningekuwa wewe ningetamani nimezaliwa nyumba nyingine.

Ndipo nikaona miguu yenye visigino vilivyopasuka inavuka uwanja. Sikuinua macho. Gambo akakaa nyuma yangu, mgongo wake kwenye mgongo wangu, akaninong'oneza, "Liweke mdomoni, Maidaji. Usilitoe."

Nikaliweka. Akapiga yeye, kwa zumari lake. Akapiga mwito wangu wa kuwaingiza wanamieleka, wanangu, ule niliokuwa nikijigamba kwamba mtaa wa chini hakuna anayeuweza. Aliujua wote, hata pale ninapochelewa kuvuta pumzi, naye alichelewa. Miaka yote hiyo alikuwa ananisikiliza, na mimi lake nilikuwa nalizibia masikio. Na kweli lilikuwa linalia. Mama yenu hakukosea.

Ukaingia, Lawali, ukamwangusha mtoto wa dada yake Gambo mwenyewe. Watu wa mtaa wake wakamzomea, "Gambo, umewapigia wapinzani!" Akawajibu, "Nimepiga saa ngapi? Mimi nilikwenda kupumzisha mgongo." Na mimi niliyeokolewa? Niliinuka nikaja nyumbani bila kumwambia hata ahsante, mdomo ulikuwa mzito kama nimefungwa.

Tangu nilale hapa, kila asubuhi anakuja na kibuyu cha maziwa, na mimi namtuma Rakiya aseme nimelala. Naye anajibu, "Basi alale vizuri." Namsikia nyuma ya ukuta, macho yangu yako wazi, natamani ardhi inifunike kabla ya siku yangu.

Basi nikifa, kwenye sala ya jeneza Gambo asimame pamoja nanyi safu ya mbele, kama ndugu yangu. Mabua ya ukingo wa shamba msiwape mbuzi mpaka yeye achague ayatakayo. Lawali, ukimkuta njiani, chuchumaa umwamkie kama unavyoniamkia mimi, na watu wakikutazama, waache watazame.

Mungu awalinde, wanangu. Awape vifua vizima... na watoto wa kuwazika... na haya mioyoni mwenu, ila isiwe kubwa kama yangu, hii inamziba mtu mdomo... Maji, Rakiya. Kidogo tu.

Nani huyo anapiga hodi? Ni yeye. Nivutie shuka usoni... hapana. Liache. Lawali, nenda wewe ukamfungulie. Mwambie aingie... mwambie Maidaji hajalala.