Nyumba Iliyo Nyuma ya Kinyozi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya vipande viwili vya bomba kuu la zamani, nje ya geti la nyuma la kampuni ya maji, mahali ambapo ukuta hutoa kivuli mpaka jua lifike utosini. Asubuhi hiyo kila mtu alikuwa mahali pake pa siku zote. Spana, msimamizi wa mafundi wa mabomba, alikaa mwisho wa kulia ili asilipoteze gari lake machoni. Dada Bili, karani wa chumba cha bili, alikaa katikati na mkoba wake mapajani. Wakili, ambaye hakuwa wakili bali fundi viatu, alikuwa kwenye kigoda chake mbele yao, kiatu cha mtu amekibana magotini. Mwisho wa kushoto alikaa Mitambo, mtu wa kompyuta wa kampuni, ambaye kila akiwa na jambo hushika kikombe kwa mikono miwili na kusahau kunywa. Mama Birika, mwenye kahawa, aliwamiminia mmoja mmoja akisema kwamba leo birika ni hilo hilo moja, kwa kuwa koki ya nyumbani kwake ilikuwa imekauka tangu juzi na maji haya ameazima kwa jirani. Walimpa pole kwa pamoja, kama watu wanaoitikia salamu, wakanywa.

Mitambo hakunywa. Kahawa hiyo ikiisha angeitwa na kamati, na kamati ilitaka atamke jina moja tu. Kampuni ilikuwa na mifumo mitatu: wa wasoma mita, wa bili, na wa matengenezo. Kila mmoja ulinunuliwa kwa wakati wake na mkubwa wake, na hakuna uliomsemesha mwenzake. Sasa ilitakiwa programu ya kuiunganisha, na wauzaji watatu walikuwa wamekuja na tai zao kila mmoja akisifu ya kwake. Mtu aliyekuwa na kazi hii kabla ya Mitambo naye aliwahi kuchagua. Programu aliyoichagua ilikwama, mkuu wa kampuni akakasirika, naye akahamishiwa stoo, ambako mpaka leo hupanga viungio vya mabomba rafuni. Kila asubuhi Mitambo hupita mlangoni pale, na yule mtu humsalimia kwa adabu kubwa. Adabu ile ndiyo iliyomtia Mitambo hofu kuliko ukali wa mkuu.

— Mitambo, mbona umekunja uso kama umekalia msumari? — aliuliza Spana.

— Siku yenyewe ndiyo leo. Wakiniita, nitaje moja.

— Moja ya nini?

— Jamani! Programu ya kuunganisha mifumo. Wiki nzima nawaambia.

— Wiki nzima ulituambia kiofisi, — alisema Dada Bili. — Tuambie kibenchi.

Mitambo akashusha pumzi.

— Haya. Wa kwanza anauza foleni ya ujumbe. Msoma mita akiona bomba limepasuka, anatuma ujumbe, unapanga foleni. Mfumo wa matengenezo ukiwa umelala, ujumbe unangoja. Ukiamka, unaupokea. Haupotei.

— Naam, huyo ndiye, — alisema Dada Bili. — Foleni ni ustaarabu.

— Subiri. Wa pili anauza kitovu. Mifumo yote inachomekwa pale katikati. Kitovu kinachukua maneno ya huyu, kinayageuza yaeleweke kwa yule, kinayapeleka.

— Hilo ni bomba kuu na matoleo yake, — alisema Spana. — Chukua hilo. Mimi maisha yangu yote nimelala chini ya bomba kuu, halijawahi kunidanganya.

— Lilikupasukia usoni mwaka jana, — alisema Dada Bili.

— Lilipasuka, halikunidanganya.

— Na wa tatu, — alisema Mitambo, — anauza malango. Wao huyaita API. Kila mfumo unawekewa lango, na langoni yupo mlinzi. Anaangalia nani anaomba kuingia, anataka nini, na amekuja mara ngapi.

Wakili alitoa msumari mdomoni.

— Hapo sasa umesema. Kisheria, kitu kisicho na mlinzi ni mali ya umma.

— Sheria ipi hiyo, Wakili?

— Kifungu kipo.

— Kifungu cha wapi?

— Dada, nimesema kipo. Kifungu hakikimbii.

Mama Birika alicheka pembeni, akafunika birika kwa kitambaa ili joto lisitoke.

— Lakini umeziona zikifanya kazi? — aliuliza Spana. — Au umeonyeshwa picha?

— Nimeziona kwa macho yangu. Wote watatu wamenionyesha. Bomba la nyumba likapasuka, kwa mfano. Msoma mita akatuma, bili ikajua, matengenezo yakajua, fundi akapewa kazi. Kufumba na kufumbua.

— Nyumba ya nani? — aliuliza Wakili.

— Ya mfano. Yenyewe iliitwa hivyo hivyo, Nyumba ya Mfano.

— Ina bahati hiyo nyumba, — alisema Mama Birika. — Kwangu hata ugeuze koki mpaka mkono ukuume.

— Tutakuja, mama, — alisema Spana bila kugeuka. — Mitambo, sikiliza. Ukishachukua kitovu, usiishie kwenye waya. Waya unakatwa, waya unaibwa. Ujumbe upitishe ndani ya mabomba yetu. Yameshafika kila nyumba. Ujumbe uende na maji.

— Uende na maji vipi?

— Hilo ni lako wewe uliyesoma. Mimi nakupa njia tu. Mtu akifungua koki, anapata maji na habari.

— Na mgao je? — aliuliza Dada Bili. — Siku ya mgao habari zinakuja usiku na tope?

— Zinachujwa!

— Mwacheni achukue foleni, — alisema Dada Bili, na sasa alikuwa ameweka mkoba chini, jambo ambalo halikuwa dalili ya amani. — Ila foleni yenye utaratibu. Ujumbe mjamzito upite mbele.

— Ujumbe mjamzito ndio upi?

— Ule wenye ujumbe mwingine ndani. Bomba limepasuka, na ndani yake kuna mteja anakasirika. Huo usisimamishwe. Halafu ujumbe mzee upewe kiti. Na ujumbe unaokuja kila siku na malalamiko yale yale, huo usogezwe nyuma mpaka ujifunze.

— Utasogeza nyuma wateja wote wa mtaa wa juu, — alisema Spana.

— Ndio hao hao ninaowasema.

Mitambo alitazama geti. Mlinzi wa geti alikuwa bado anasoma kipande cha gazeti, hajainua kichwa. Ilimpitikia kwamba wauzaji walikuwa wamesema mambo haya haya, ila kwa tai. Mmoja alimwonyesha mchoro wenye mishale mingi hata akafikiri ni ramani ya vita. Yeye mwenyewe alikuwa ameandaa maswali mazuri: kasi, usalama, mzigo, umeme ukikatika itakuwaje. Wote watatu walijibu vizuri, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia. Hakukuwa na sababu ya kumkataa yeyote.

— Hamjanisikiliza mimi, — alisema Wakili. — Mlinzi mmoja hatoshi. Mlinzi wa lango naye awekewe lango. Akitaka kutoka kwenda kunywa chai, aombe.

— Amwombe nani?

— Mlinzi wa mlinzi. Na huyo naye apigwe picha. Tena kila ujumbe uape. Useme: mimi ni bomba lililopasuka kweli, sikutumwa na mtu. Ukisema uongo, ushitakiwe.

— Ushitaki ujumbe, Wakili?

— Kampuni mnaishitaki na haina miguu. Ujumbe je? — Aligonga msumari kwenye soli kama hakimu. — Na nitawaambia jambo la mwisho, mlikatae mkitaka. Hao wauzaji watatu ni mtu mmoja. Anakwenda kona, anabadili tai, anarudi.

— Mmoja wao ni mwanamke, — alisema Mitambo.

Wakili alifikiri kidogo.

— Ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Walikuwa bado wanacheka alipotokea mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, gauni limelowa mpaka magotini, kandambili amezishika mkononi. Alitembea kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kuteleza leo.

— Hamjambo jamani. Nimeambiwa wa mabomba yuko huku.

— Ndiye mimi, dada yangu, — alisema Spana. — Karibu.

— Nimeshakaribia sana. Bomba limepasuka mlangoni kwangu tangu juzi. Nikaripoti. Maji yameingia mpaka chumbani. Mama mkwe wangu yuko juu ya kitanda kama yuko kisiwani, hataki kushuka, na ananilaumu mimi.

— Pole. Wapi huko?

— Mtaa wa juu, palipokuwa na kinyozi.

Uso wa Spana ulifunguka.

— Ah, hiyo tumeshaimaliza! Nyuma ya kinyozi. Vijana wangu walikwenda juzi hiyo hiyo, wakafunga koki ya njiani maji yasimwagike. Nimeiwekea alama mimi mwenyewe kwamba imefungwa.

— Imefungwa wapi, kaka? Hebu tazama gauni langu.

— Nyuma ya kinyozi.

— Kinyozi alihama. Siku hizi yuko mtaa wa chini, pale kwenye ukuta wa bluu.

Mama Birika aliliweka birika chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

— Spana, — alisema.

— Naam, mama.

— Ukuta wa bluu ni wangu.

Spana alikitazama kikombe chake, kisha akakisogeza kando.

— Kwa hiyo aliye nyuma ya kinyozi ni mimi, — alisema Mama Birika. — Siku mbili nabeba ndoo kwa jirani kwa sababu nyumba ya huyu inavuja.

— Mama, vijana walifuata kinyozi.

— Wangekuwa wanataka kunyolewa ningewaelewa.

— Lakini hii ingeonekana kwetu, — alisema Dada Bili, akimgeukia mgeni. — Maji yakifungwa bili inasimama. Wewe unaitwa nani kwenye bili?

— Jina la babu wa mume wangu. Marehemu.

— Mzee yule wa nyumba za mtaa wa juu?

— Huyo huyo. Aliacha nyumba nne, zote bili zinakuja kwa jina lake. Tunagawana kwa kukisia.

Dada Bili alifunga mkoba wake, ambao haukuwa wazi.

— Wasoma mita basi, — alisema Mitambo. — Wao wana namba ya mita.

— Mita ilibadilishwa, namba mpya hawakuiandika, — alisema mgeni. — Kijana anayekuja kusoma huwa anaitafuta ile yenye mfuniko wa sufuria. Mfuniko tumeuweka sisi, mvua isiingie. Mwezi uliopita niliuchukua kupikia, akapita bila kusoma.

Alizivaa kandambili zake, akazivua tena kwa kuwa zilikuwa na maji. Hakuwa na hasira. Alikuwa amekwisha pita madirisha matatu ya kampuni asubuhi hiyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

— Sasa naombeni mnisaidie kitu kimoja tu. Hapa kwenu, nyumba yangu inaitwaje? Nikirudi dirishani nitaje hilo, wote wanielewe.

Spana alimtazama Dada Bili. Dada Bili alimtazama Mitambo. Mitambo alikitazama kikombe chake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akakumbuka kunywa. Kahawa ilikuwa baridi. Aliwaza maswali yake yote mazuri, ya kasi na mzigo na umeme, akayapekua moja baada ya jingine akilitafuta hilo. Halikuwamo. Mawazoni mwake ilisimama ile Nyumba ya Mfano ya wauzaji, safi, bila marehemu, bila kinyozi wala sufuria.

— Wakili, — alisema Spana kwa sauti ndogo, — kifungu kipo?

Wakili alirudisha msumari mdomoni.

— Ngoja niulize mimi nisiyesoma, — alisema Mama Birika. — Hiyo programu yenu ingekuwa imeshafungwa, kwangu maji yangekatwa upesi zaidi?

— Kufumba na kufumbua, — alisema Wakili, msumari ungali mdomoni.

Mama Birika aliinua birika awaongezee, kwa mazoea tu. Lilitoa tone moja, kisha hewa. Alilitikisa, akalifunika, akaanza kukusanya vikombe.

— Imeisha. Mkitaka nyingine mnajua pa kufungua.

Mlinzi wa geti alikunja gazeti.

— Mitambo! Kamati wanakuita. Wanasema uje na jina.

Spana alikuwa amekwisha simama na mfuko wake wa zana.

— Dada, tangulia wewe mbele, mimi nakufuata mguu kwa mguu. Sitaki kusikia habari ya kinyozi. Tukitoka kwako tunapita kwa mama kumfungulia. — Kisha akamgeukia Mitambo. — Utataja ipi?

Mitambo alirudisha kikombe mkononi mwa Mama Birika, akamwomba radhi ingawa si yeye aliyefunga koki, akaingia getini. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kama kawaida. Yule mtu wa kabla yake alikuwa kwenye ngazi na kiungio mkononi, akamsalimia kwa adabu ile ile. Siku zote Mitambo huitikia akiwa anatembea. Leo alisimama.

— Kaka, samahani. Wewe ulipochagua, nyumba waliyokuonyesha ilikuwa ya nani?

Yule mtu alikiweka kiungio rafuni, akakinyoosha kilingane na wenzake, ndipo akajibu.

— Ya mfano, — alisema. — Ilikuwa nyumba nzuri sana.

— Niliyoonyeshwa mimi pia.

Yule mtu alianza kushuka ngazi, akijipangusa vumbi mikononi.

— Wanataka jina, — alisema Mitambo.

— Unalo?

— Sina. Hata nyumba moja hatujui tuiiteje. Twende tukawaambie.