Mwalimu wa Upatanisho na Kiti cha Pili

Marehemu mjomba wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, wa kwanza kati ya watatu. Wa pili ni mama yangu, aliyetangulia. Wa tatu ni huyu fundi wa kuchomelea vyuma aliyekaa hapa mbele.

Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha theolojia, 1972 hadi 1975. Huko akakutana na swali lililomla maisha yote: msalaba ulitupatanishaje na Mungu? Alilifundisha chuoni hapo miaka arobaini, mpaka wanafunzi wakamwita Upatanisho.

Alitueleza hata sisi tusiouliza. Kwamba Wakristo wa mwanzo walisema Kristo ni fidia, ametukomboa mateka mikononi mwa Shetani. Karne nyingi baadaye mtawa mmoja akakataa: Shetani hana haki yoyote hapo, ni heshima ya Mungu iliyovunjwa. Mwingine akasema ni upendo, umekuja kutuyeyusha moyo. Wanamageuzi wa Kanisa wakaleta mahakama: mmoja kabeba adhabu ya wote. "Kila mmoja kaona ukuta mmoja wa nyumba," alisema mjomba. "Mlango bado tunautafuta."

Mwaka 1979 alimwoa mkutubi wa chuo. Hawakujaliwa mtoto. Mke alipofariki 2009, mjomba alibaki na meza, viti viwili, na mazoea ya kupika chakula cha watu wawili. Kiti cha pili akakijaza vitabu.

Tarehe 9 Juni 2012 tulimzika mke wa fundi. Mjomba hakuja. Alikuwa anawahutubia wageni wa chuo, tena juu ya upatanisho. Ndugu hawa hawakusemeshana miaka kumi na miwili, na aliyekosa ndiye aliyenuna zaidi.

Agosti mwaka huu akanituma kwa fundi na bahasha nene. Nikajua ni barua. Kumbe ni historia nzima ya fundisho lake, kurasa tisini na sita zilizoandikwa kwa mkono. Neno "nisamehe" liko ukurasa wa tisini na nne. Fundi akavua miwani ya kazi, akaipima bahasha kiganjani.

"Nini hii, mpwa?"

"Mjomba anaomba radhi."

"Kwa kilo? Mrudishie. Siku ile ya mazishi sikungoja karatasi, nilimngoja yeye. Aje mwenyewe."

Nilipomfikishia, mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mjinga mimi! Mungu naye hakutuma maelezo. Alikuja." Akainama kuvaa viatu. Moyo ukamkamata hapohapo.

Alilazwa wiki tatu, wodi ya sita, uso mlangoni. Kila zikipita hatua anauliza, "Ndiye?" Siye. Nikaenda nikamwambia fundi habari ya viatu. Jumatatu, tarehe 2 Septemba, akaja na nguo za kazi.

"Kaka, nasikia ulishavaa viatu."

"Nilifunga kimoja tu."

"Basi kinatosha."

"Sasa, ule mhadhara wa siku ile..."

"Nyamaza, kaka. Kunywa maji."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, fundi akiwa njiani kurudi hospitalini.

Ameacha ndugu mmoja, mpwa mmoja na kurasa tisini na sita. Juzi tulifungua nyumba yake. Fundi akaondoa vitabu kwenye kiti cha pili, kimoja kimoja, akakaa. Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu.

Mungu ampokee mjomba, wala asimdai maelezo.