Kirangozi Aliyesimama kwa Mbuzi

Leo, tarehe 31 Machi 1913, Kajetani Ngonyani anastaafu baada ya miaka kumi na minne ya kazi katika njia ya Songea hadi Kilwa. Bwana mkubwa wa boma ameagiza sifa zake zisomwe mbele ya wapagazi wote, na kalamu nimepewa mimi, Bakili wa Nalasi, mpishi wa msafara. Sifa zipo. Hasira nayo ipo, na sitaificha.

Kajetani alianza kwa kubeba nta na mpira kwenda pwani, na chumvi na majora ya nguo kurudi. Tangu siku ya kwanza alitaka kuwa kirangozi, yule anayetangulia na bendera, wala hakumficha mtu. Alijifunza kila kisima na kila kivuko. Alipopewa bendera hakuna aliyenung'unika, na chini yake hatujapoteza mpagazi hata mmoja kwa simba wala kwa mto.

Sheria ya njia mnaijua. Hakuna wa kumtangulia kirangozi, na yeye akisimama, msafara mzima unatua mizigo. Mwaka mmoja, karibu na Tunduru, mzungu mwenye haraka zake alimpita akiwa juu ya nyumbu. Kajetani alichomeka bendera ardhini, akakaa kitako. Nasi tukatua. Mzungu alifoka mpaka sauti ikamkauka, mwishowe akatoa mbuzi wa faini. Nilimpika mimi mwenyewe, na kicheko hakikutuisha mpaka Kilwa.

Vikaja vita vya Maji Maji, na nyuma yake njaa, maana mashamba na maghala yalikuwa yamechomwa moto. Sisi tulibeba mchele wa askari. Njia ilipita mlangoni kwa Kajetani. Mkewe, Lidwina, alitoka akiwa amempakata binti yao aliyebaki mifupa mitupu, akasema, "Baba Kunegunda, simama kidogo tu umwone mwanao." Kajetani alijibu bila hata kugeuza shingo, "Nikisimama, watasimama wote. Nitapita nikirudi."

Aliporudi, Kunegunda alikuwa ameshazikwa.

Kwa mbuzi alisimama! Hilo linanichoma mpaka leo. Angechomeka ile bendera pale mlangoni, tungetua mizigo sote, na mchele ulikuwa mabegani mwetu. Na boma je? Lilimpa joho jekundu kwa kuwahi kufika. Ruhusa ya kukaa matanga halikumpa, wala yeye hakuiomba, kwa kuogopa kwamba bendera ingeshikwa na mwingine. Joho lile limekwisha kupauka. Sijui huwa analivaa kwa moyo gani.

Sasa magoti yake yamevimba na anatembea kwa fimbo. Safari iliyopita tulikokota miguu juani nyuma yake, kwa kuwa kumpita haturuhusiwi, na bendera alikataa kumwachia mtu. Halafu asubuhi hii hii ya kuagwa, bwana mkubwa amemwomba aende Kilwa mara moja tu, ya mwisho. Huu ni ukosefu wa haya. Na Kajetani badala ya kukataa akatabasamu! Nimemwona kwa macho yangu akiitazama bendera.

Kajetani, ndugu yangu, asante kwa kutufikisha salama. Sisi sote umeturudisha kwa wake zetu na watoto wetu, tena hujachelewa. Umetosha. Waache wenye magoti mazima waende Kilwa.

Mama Kunegunda ameketi pale langoni tangu alfajiri, amekuja kukuchukua. Kuanzia leo anayetangulia ni yeye. Mfuate polepole, na akisimama, nawe simama. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na uzee wa amani nyumbani kwako. Lakini ukithubutu kumpita, mbuzi wa faini nitakuja kumchukua mwenyewe.