Mwalimu Shoto na Somo la Jumamosi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma na panga zenu, mimi ni dada yake mdogo, ukoo umenituma nisome maisha yake kwa sababu eti sauti yangu inafika mbali, basi nisikilizeni.

Kaka yetu, ambaye nyumbani, kazini na mpaka hospitalini aliitwa Shoto, alizaliwa tarehe 9 Februari 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu inayotazamana na karakana ya baiskeli, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Jina hilo alilipata mezani, maana alishika kijiko kwa mkono wa kushoto, mama akakihamishia kulia, yeye akakirudisha, na mama yetu, aliyeamini kwamba samaki mkunje angali mbichi, alihangaika naye kwa miaka, akambembeleza, akamfinya, akaufunga mkono ule kwa kitambaa, samaki hakukunjika, hadi siku baba alipochoka akasema jamani, mwacheni mtoto ale.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la mbao kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari hadi 1983, na huko mwalimu wa michezo alikuwa na sanduku la panga za mchezo, zile nyembamba zisizo na makali, zenye kifundo butu nchani, unavaa kinyago cha waya usoni, na anayemgusa mwenzake kifuani ndiye anayepata pointi. Tangu siku alipoushika upanga ule hakutaka tena habari ya mpira, na kwa mara ya kwanza mkono wake wa kushoto ukawa na faida, kwa sababu wapinzani hawakuuzoea.

Mwaka 1985 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kitengo cha mizani, akafanya kazi hapo hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Novemba 2016. Siku za mapumziko alikwenda kwenye mashindano ya upanga, na hapa sitadanganya mbele ya jeneza, kaka yetu hakuwa bingwa, alishindwa mpaka tukaacha kumuuliza matokeo. Katika shindano lake la mwisho, mwezi Mei 2004, alishindwa raundi ya kwanza, akavua kinyago, akainua upanga wake usoni kumpa mshindi salamu ya mwisho, maana sheria ya mchezo ule inataka waliopigana washukuriane kabla ya kuachana, lakini mshindi alikwishamgeuzia mgongo, anabebwa juu juu na rafiki zake, na Shoto akabaki amesimama na upanga wake hewani mpaka mwamuzi akamwambia ndugu, shuka, wengine wanasubiri. Hakushindana tena. Alisema kushindwa hakukumuuma, kilichomuuma ni kuachwa amesimama.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1991 na wifi yangu huyu mnayemwona, mpishi wa shule, mwanamke mwenye maneno machache na mwiko mrefu, nao walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye leo ni fundi umeme na ndiye aliyefunga hivi vipaza sauti, hivyo vikikoroma msinilaumu mimi.

Kiwanda kilipofungwa, Shoto alijikaza kisabuni kwa miezi michache, kisha akakaa. Nasema akakaa, kwenye kile kiti cha dirishani, mikono mapajani, miaka mitano, ukimuuliza unaendeleaje kaka anajibu naendelea, na hakuwa anaendelea popote, nywele zikageuka nyeupe palepale kitini, na wifi yangu akawa anafagia kumzunguka kama anavyofagia kuzunguka kabati. Tulimpoteza wakati ule, ndugu zangu, leo tunamzika kwa mara ya pili.

Aliyemwinua ni mlinzi wa ukumbi wa mtaa, aliyemwambia kuna sanduku la panga kuukuu linaota kutu stoo, na watu wazima kadhaa wanaotafuta mazoezi, kwa nini asiwafundishe. Shoto aliyekuwa hanunui hata kiberiti bila kulalamika, mkono wa birika kamili, alinunua msasa na mafuta akazisafisha zote, na Jumamosi ya tarehe 8 Januari 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitano, akaanza kuitwa mwalimu.

Somo alilipanga sebuleni. Alipanga viatu vya nyumba nzima sakafuni, kila jozi mwanafunzi, viatu vya binti yake ni mwokaji mikate, kandambili zangu ni karani mstaafu, akavisogeza mbele na nyuma akikuna kichwa, na asubuhi wifi yangu anakwenda kazini akitafuta kiatu cha pili huku akisema mume wangu, mwanafunzi wako amenikimbia. Alipanga kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwanza aamue somo litaishaje, ndipo aamue litaanzaje, na mwisho wa mafunzo yote aliujua tangu siku ya kwanza, ni ile salamu. Alikataa kuwafundisha salamu hiyo kabla hawajapigana pambano lao la kwanza la kweli, akisema huwezi kumfundisha mtu kumshukuru aliyempiga kama hajapigwa. Hiyo ndiyo kazi aliyoona amebakiziwa duniani, kufikisha watu wake kwenye salamu ile, asibaki mtu amesimama peke yake.

Sasa wanafunzi msicheke, ingawa najua mtacheka. Siku ile ya kwanza aliwapa mgongo, akainua upanga, akasema fuateni ninavyofanya, nanyi mkafuata, kila mmoja kwa mkono wa kushoto. Wiki baada ya wiki mikono ikawauma, mkadhani ndivyo mchezo ulivyo, hakuna aliyethubutu kumwuliza mwalimu, hadi mlinzi wa ukumbi alipochungulia akauliza, mwalimu, hawa wote umewaokota wapi, kila mmoja shoto?

Alirudi nyumbani akakaa kwenye kile kiti, akasema basi, mimi si mwalimu, mimi ni mpima sabuni, na sote tukaogopa kwamba kiti kimemchukua tena. Wifi yangu hakubembeleza, alimletea mwiko, akautia kwenye mkono wake wa kulia, akamwambia kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, haya, anza wewe. Na yule ambaye mama yetu alishindwa kumbadilisha kwa kitambaa akaanza upya kwa mkono wa kulia, mzee mzima, anaangusha mwiko, anauokota, kwa sababu aliona haiwezekani kuwafundisha watu mkono asioujua. Kila Ijumaa jioni niliitwa jikoni kujaribiwa somo la kesho, nikishika mwiko wa pili, akisema wewe mdogo wangu kichwa chako kigumu, ukielewa wewe somo limeiva, nami namjibu huo ugumu tumerithi wote.

Tarehe 3 Septemba 2023 asubuhi, akifunga kamba za viatu, alimwita mkewe akamwambia hii kamba hainisikii. Ilikuwa kiharusi, na upande wake wote wa kushoto ukalala, mguu ukaamka kidogo baadaye, mkono haukuamka kabisa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nami niliuchukia msemo huo kila aliponiletea mtu hospitalini, mpaka mwezi Januari aliporudi ukumbini, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yenu, akainua upanga kwa mkono wa kulia. Mkono ule ndio aliolia nao chakula, aliotia nao sahihi, alionishika nao, na aliupata kwa ajili yenu, kwa sababu ya lile kosa. Asingekosea, kiharusi kingemkuta hana mkono.

Pambano lenu la kwanza alilipanga liwe leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, saa nne hii hii. Jumatano alipanga viatu. Alhamisi saa nane mchana kiharusi cha pili kilimpata, akafariki hospitalini saa kumi na moja jioni, na viatu bado viko sebuleni, hakuna kati yetu aliyeweza kuviondoa, ndiyo maana wengine tumekuja na kandambili za kuazima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, tunamshukuru mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyevumilia ubishi wake, majirani mliochota maji na kulala sakafuni pamoja nasi, wenzake wa kitengo cha mizani mliokuja kutoka mbali, na mlinzi wa ukumbi, ambaye swali lake lilimuuma kaka yetu kuliko yote na kumfaa kuliko yote.

Limebaki somo moja. Alilijaribu kwangu jikoni Ijumaa ya wiki iliyopita, nikalielewa, kwa hiyo limeiva. Mnasimama mkitazamana, mnavua vinyago, unainua upanga mpaka mpini ufike kidevuni, unamtazama mwenzako machoni, unasema asante, unaushusha taratibu, na aliyeshinda hageuki kwanza. Jumamosi ijayo nendeni ukumbini mkapigane, kisha mfanye hivyo.

Lakini kwanza njooni hapa mbele, mjipange, inueni panga zenu kwa mkono wa kushoto, kama alivyowafundisha siku ya kwanza. Tangu mwaka 2004 kaka yangu anadai salamu moja, mrudishieni. Nasi wengine, tukimaliza kufukia, turudi nyuma hatua chache tukimtazama, ndipo tugeuke.

Pumzika sasa, Shoto, shusha upanga, tumekuona.