Watoto Waliozaliwa Bila Njia: Risala ya Wazazi Katika Ufunguzi wa Chumba cha Upasuaji wa Watoto Wachanga

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Huduma za Afya. Madaktari, wauguzi, wakunga na wazazi wenzetu mliotenga siku yenu kuja hapa:

UKARIBISHO

Karibu sana. Sisi ni wazazi thelathini na mmoja ambao watoto wetu walizaliwa bila njia ya haja kubwa. Hatukuwa tukijuana. Tulikutana kwenye benchi la nje ya wodi ya upasuaji, kila mmoja akidhani ni mtoto wake peke yake duniani aliyezaliwa hivyo. Tumeona tusikuchoshe kwa maneno ya jumla. Tutakusimulia habari ya mwenzetu mmoja, fundi cherehani, kwa ruhusa yake.

TULIKOTOKA

Fundi alijifungua mtoto wa kiume asubuhi, katika zahanati iliyo karibu na kwake. Mtoto alilia vizuri, akapimwa uzito, akaandikwa kuwa mzima, na mchana wakarudi nyumbani. Kesho yake tumbo la mtoto lilikuwa limejaa hadi ngozi inang'aa, naye anatapika maji ya kijani. Mama mkwe alimwogesha, akamgeuza. Kisha akaita.

"Mwanangu, hebu njoo uangalie. Huyu mtoto hana pa kutolea choo."

Fundi alitazama. Kati ya makalio palikuwa na ngozi tupu, laini, kama kitambaa ambacho hakijapitiwa na mkasi. Anasema hakulia, alichukua kanga akamfunga mtoto.

Walirudi zahanati. Mkunga aliyemzalisha alifunua nepi, akakaa chini.

"Nilimtazama uso, nikahesabu vidole," alisema. "Huku sikutazama."

Hakumsukumia mtu lawama. Alimpitishia mtoto mpira mwembamba puani kulipunguza tumbo, akaandika rufaa palepale, akapanda nao gari na kumpakata njia nzima.

TULIYOYASHUHUDIA

Daktari bingwa wa hapa hospitalini alimlaza mtoto kifudifudi, makalio yameinuliwa, akampiga eksirei ya ubavuni. Hewa ilipanda ndani ya utumbo hadi pale ulipokomea, ikaonekana kwenye picha kama kivuli cheusi.

"Utumbo umebakiza kidogo tu kufika nje," alimwambia fundi. "Upana wa kidole chako."

Akapima pia moyo, figo na uti wa mgongo, maana kasoro hii hupenda kuja na nyingine. Vyote vilikuwa salama. Siku hiyohiyo alimtengenezea tundu tumboni, kinyesi kipitie hapo kwa muda.

Miezi mitatu baadaye ukaja upasuaji wenyewe. Tulichosimuliwa na muuguzi aliyekuwemo ndani hakijatutoka akilini. Daktari aligusa ile ngozi tupu kwa kijiwaya chenye umeme mdogo, na chini yake misuli ikajikunja, ikabana duara kamili.

"Misuli ilikuwepo tangu tumboni mwako," muuguzi alimwambia fundi. "Ilikuwa inangoja kazi."

Daktari aliuteremsha utumbo katikati ya duara hilo, akaushona. Fundi ameshona maisha yake yote. Aliutazama mshono ule, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Mimi hata kwenye hariri siwezi hivi," alisema.

Zikafuata wiki za kuipanua njia kwa vijiti vya chuma, kila siku, kwa mkono wa mama mwenyewe. Kisha tundu la tumboni likafungwa. Siku tatu tulikaa naye tukingoja choo kipite njia mpya. Siku ya nne mtoto alikunja uso, akajikamua, na nepi ikajaa. Tulisogea mmoja mmoja kuitazama nepi ile, watu wazima na akili zetu, na hakuna aliyeziba pua.

YANAYOTUSUMBUA

Mheshimiwa, si wote waliofika kwa wakati. Kwenye benchi lile tuliketi na akina mama wawili waliofikisha watoto siku ya tano, utumbo umeshapasuka. Walirudi nyumbani na shuka tupu.

Mifuko ya kupokelea kinyesi kwenye tundu la tumboni ni adimu. Fundi ametushonea mikanda ya vitambaa. Tunafua, tunaanika, ngozi za watoto zinachubuka. Na daktari bingwa ni mmoja. Akiugua yeye, watoto wanangoja apone.

TUNAYOOMBA

Chumba tumekipata, na shukrani zetu hazina kipimo. Tunaomba daktari wa pili, na mifuko. Lakini ombi letu kubwa halihitaji jengo. Kila mtoto afunuliwe nepi na kutazamwa kabla hajatoka chumba cha kuzalia, na kadi yake iandikwe kwamba ametazamwa.

Mkunga tuliyemtaja ameketi mstari wa pili. Ndiye aliyetuandikia risala hii, na ndiye aliyekataa tulifiche kosa lake. Anaomba kupitia vinywa vyetu kwamba mkunga anayekiri asifukuzwe, afundishwe. Tangu siku ile hajamruhusu mtoto yeyote kutoka bila kumtazama. Amewagundua wawili, wote kabla tumbo halijaanza kujaa. Mmoja wao amelala mgongoni mwa mama yake, pale dirishani.

Mungu akujalie afya wewe na nyumba yako, na aibariki mikono yote itakayofanya kazi ndani ya chumba hiki.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Watoto Waliofunguliwa Njia