Vidudu vya Mama Mkwe

Asubuhi ile benchi lilikuwa tupu, sote tumekaa kwenye kitanda. Ni kitanda cha futi tano kwa sita, mbao ngumu, kilichorudishwa jana kwa mkokoteni na kushushwa mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Mwenye kazi hiyo ni Msumari, seremala wetu. Alimtengenezea mama mkwe wake, naye mama mkwe amekirudisha akisema mbao zina wadudu. Tangu jana mkewe hamsemeshi. Asubuhi hiyo hiyo wateja wawili walikitazama kitanda, wakatazamana, wakaenda zao. Mama Kahawa akatumiminia, nasi tukaanza kumsaidia mwenzetu, yaani kumchosha.

Mimi: Wadudu gani hasa?

Msumari: Vidudu vya kahawia, vidogo kuliko ufuta. Mama anasema chumba kizima vinatambaa. Mbao nimezikausha miezi minane, jamani. Minane!

Redio, kinyozi wetu, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akatikisa kichwa.

Redio: Mti ulikatwa mwezi ukiwa mpevu. Mbao za mwezi mpevu huzaa.

Msumari: Huzaa nini?

Redio: Wadudu. Tena mapacha.

Wakili akakohoa. Alibeba mafaili mahakamani miaka thelathini, basi sheria zikamwingia kupitia mabegani.

Wakili: Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi: Hapo inahusu nini?

Wakili: Mama mkwe aliinama mvunguni. Asingeinama, asingeviona. Kosa ni la mgongo wake.

Msumari: Wakili, mke wangu kanipakulia chakula bila neno, kanigeuzia mgongo. Mama yake analala sakafuni na miaka yake sabini. Wewe unaniletea migongo!

Redio: Mimi naona kuna mkono wa mtu. Seremala wa barabara ya pili. Anavifuga kwenye kopo, anavifundisha harufu ya vanishi yako.

Wakili: Ushahidi?

Redio: Ana kopo. Nimeliona.

Wakili: Kopo la gundi.

Redio: Ndipo vinapolala! Vinafuata mkoromo. Mtu akikoroma, vinajua kitanda kiko wapi.

Msumari akaweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa ikamrukia kidoleni.

Msumari: Basi! Kazi yangu ya miaka ishirini inakufa hapa, nyinyi mnanipa mkoromo!

Wakili: Haraka haraka haina baraka.

Msumari: Toka jana, Wakili! Haraka gani?

Wakati huo alikuwa amesimama dada mmoja mgeni, ndoo ya uyoga mkononi. Alikuwa amehamia stoo iliyo nyuma ya kibanda changu wiki ile, anaotesha uyoga wa kuuza madukani. Alikuja kununua kahawa tu.

Dada: Samahani kaka zangu. Hapo mlipokaa, mmeona kidudu hata kimoja?

Tukatazamana. Tukanyanyuka kama tumekalia kaa la moto. Tukageuza chaga moja moja, tukamulika kila kiungo kwa tochi ya simu. Hapana tundu hata moja, hapana unga wa mbao hata wa kujaza kucha.

Dada: Vya kahawia, vidogo hivyo, navijua. Vinanisumbua stoo. Havili mbao, vinakula ukungu. Kitanda kilikaa wapi?

Msumari: Kiliegemea ukuta.

Dada: Nyuma ya ukuta kuna nini?

Msumari akampigia simu mama mkwe, akaweka sauti ya nje.

Msumari: Shikamoo mama. Samahani, nyuma ya ukuta wa chumbani kwako kuna nini?

Mama mkwe: Marahaba. Bafu la jirani. Kwa nini?

Msumari: Na vile vidudu, toka kitanda kitoke, vimepungua?

Mama mkwe: Vimezidi! Jana usiku vimenitambaa hadi sikioni.

Msumari: Hebu mama, weka kiganja ukutani, pale chini.

Tukasikia kandambili zikiburuzwa.

Mama mkwe: Maji! Umelowa chapachapa. Na umeota manyoya ya kijani, vyenyewe vimejaa humo humo vinakula. Lo!

Sisi watatu tukapiga ukelele; Msumari akajishika kichwa kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamemlowa, akajifanya ni moshi wa jiko la kahawa.

Msumari: Nakuja na fundi bomba, mama. Na kitanda. Tutakiweka katikati ya chumba mpaka ukuta ukauke.

Mama mkwe: Njoo. Nitamwambia mwanangu mwenyewe kwamba nilikuonea.

Msumari: Ahsante, mama.

Mama mkwe: Ila subiri. Hizo sauti nilizosikia hapo nyuma yako, ni wanaume wangapi?

Msumari: Watatu, mama. Tangu asubuhi wananishauri.

Mama mkwe: Na kutoka hapo mpaka kwangu ni mwendo wa dakika tano. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyekuja kuutazama ukuta?

Redio akameza kahawa iliyobaki. Wakili akakunja mikono ya shati. Mimi nikashika upande mmoja wa kitanda, nikawaambia wanyanyue.