Bendera ya Chepkemei

Pale Bondeni, nje ya duka lililofungwa siku nyingi, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umekalia tofali. Abdisalam hulifikia saa kumi jioni na birika lake la kahawa ya tangawizi, na kabla hajamimina kikombe cha pili, ubishi umeshawaka. Jumapili ile walikuwepo watatu: Yaseen, aitwaye VAR, kama ile video ya marudio ya mpira, kwa kuwa kila jambo hulirudia mara mbili, Peterson, aitwaye Gavana kwa sababu ya ahadi zake, na Harun, ambaye watu humwita Filimbi. Harun alichezesha mpira miaka kumi na tano mpaka goti likamstaafisha. Siku hiyo kahawa yake ilikuwa inapoa mkononi.

Ubishi ulihusu mechi ya mtaa ya jana yake. Golikipa alimzaba straika kofi ndani ya boksi. Refa akampa kadi nyekundu, halafu badala ya penalti akaamuru mpira urushwe.

— Kofi ndani ya boksi, mpira wa kurusha! alifoka Yaseen. Nasema tena, wa kurusha!

— Huyo refa alikula mbuzi, alisema Peterson. Mbuzi mzima, na supu juu.

— Wacha mbuzi. Bibi yake ametoka upande wa golikipa.

— Basi ni mbuzi wa mahari! Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ule mpira ulielea sana, buda. Uliundwa.

— Mimi nimesikia hawa marefa wa siku hizi wanawekewa kitu kwa sikio. Mtu yuko mjini anabonyeza, refa anapuliza.

— Na akiishiwa na chaji?

— Ndiyo hapo anapeana mpira wa kurusha!

Walicheka, hata Abdisalam akacheka. Harun hakucheka.

— Refa alikuwa sawa, alisema.

Yaseen na Peterson wakamgeukia.

— Mpira ulikuwa umetoka nje kabla ya kofi, Harun akaendelea. Ukishatoka, umekufa. Mtu akipiga mwenzake wakati huo, unampa kadi yake, anaenda nyumbani. Lakini mchezo unaanza pale ulipokuwa uanzie. Ulitoka pembeni, unarushwa. Hakuna penalti.

— Ati kofi la bure? Yaseen aliuliza.

— Si bure. Ametolewa.

— Filimbi, alisema Peterson, sema ukweli. Na wale watu wote wanapiga kelele, wewe ungepeana mpira wa kurusha?

Harun aliangalia kikombe. Angeweza kusema ndiyo, na mazungumzo yangehamia kwa bei ya unga. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akikwepa hivyo.

— Mimi nilipeana penalti, alisema.

Akawaeleza. Ilikuwa fainali kule Olenguruone, miaka kumi na moja iliyopita, bado dakika mbili, hakuna aliyefunga. Mpira ulitoka pembeni mgongoni kwake, hakuuona. Alichoona ni beki akimtwanga mtu ngumi ndani ya boksi. Akatoa nyekundu, akaonyesha penalti, na uwanja wote ukalipuka. Ndipo alipogeuka akamwona mshika bendera wake, Chepkemei, dada wa palepale Olenguruone, msimu wake wa kwanza. Bendera ilikuwa juu, kuonyesha kwamba mpira ulikuwa umetoka. Hakuishusha. Alifika hata hatua mbili ndani ya uwanja, akimwangalia.

— Si ungeenda umuulize? alisema Yaseen, kwa sauti ya chini sasa.

— Ningeenda. Nafasi ilikuwepo, kwa sababu refa anaweza kugeuza uamuzi wake mpaka mchezo uanze tena. Ukishaanza, imeisha. Lakini watu walikuwa wameingia mpaka kwenye laini, wanaimba. Nikaogopa. Nikapuliza haraka. Ikafungwa.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Peterson. Kisha akaona haya, maana kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imekaa mahali pake.

— Hiyo si mbaya sana, Harun alisema. Refa hukosea. Timu iliyoshindwa ilishtaki, tukaitwa mbele ya kamati. Wakaniuliza, mshika bendera alikuonyesha? Nikasema hapana. Chepkemei alikuwa amekaa karibu nami hivi. Wakamfungia yeye, eti hakuinua bendera. Hakurudi uwanjani tena. Mimi nilichezesha miaka minne mingine.

Abdisalam alijifanya kupangusa vikombe vilivyokuwa vikavu.

Nanyama, fundi wa nguo aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakuwa mtu wa mpira.

— Samahani, mzee, alisema. Sasa huyo dada umemwambia?

Yaseen alimwangalia Peterson. Peterson akaangalia barabara.

Namba ya Chepkemei ilikuwa kwenye simu ya Harun. Alikuwa ameihamisha kutoka simu moja hadi nyingine mara tatu, bila kuipiga hata siku moja. Aliinuka, akachechemea hadi ukutani, mbali na masikio yao, akapiga kabla moyo haujambadilikia.

— Haloo? Nyuma ya sauti kulikuwa na ng'ombe, na mtu akiita wengine waje kukamua.

— Ni Harun. Yule refa.

— Nakusikia.

— Chepkemei, bendera yako niliiona.

— Najua uliiona. Ulinitazama machoni.

— Nilidanganya. Nitaandika barua kwa kamati. Nitasema mbele ya mtu yeyote unayetaka.

— Kamati ya nini, Harun? Niko na watoto watatu na ng'ombe. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Harun. Mtu niliyetaka asikie ni baba, akasema. Ndiye aliyeninunulia viatu vya mpira. Aliniuliza mpaka akafa, "Mama, kweli uliinua mkono?" Nikimwambia ndiyo, ananyamaza. Tulimzika mwezi wa nne.

Kule Olenguruone, mlio wa maziwa ulisikika ukigonga ndoo. Chepkemei hakukata simu. Wala Harun hakukata.